Mkopo wa Simu: Hesabu Shilingi, Halafu Hesabu Siku

Sokoni hakuna anayeuza ndizi kwa asilimia. Ndiyo maana ukiambiwa "ada ni asilimia 7.5", ni rahisi kubonyeza "kubali" bila kujua umekubali nini. Leo tuhesabu kwa shilingi na siku.

Tuseme unaishi Madogo. Unanunua ndizi na maembe kwenye mashamba ya kando ya Mto Tana, kisha unavuka daraja kwenda kuuza Garissa. Mtaji umepungua, unakopa 2,000 kwa simu. Ada ni asilimia 7.5, muda ni siku 30. Hiyo ni bob 150, kwa hiyo utarudisha 2,150.

Sasa angalia siku:

- Ukikaa na pesa siku zote 30, unalipa bob 5 kwa siku.
- Ukirudisha baada ya siku 5, na ada ni ileile, umelipa bob 30 kwa siku.
- Ukikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, ada ni 1,800. Karibu ufikie ule mtaji wenyewe, na bado si wako.

Je, mkopo utajilipa?

Ukipata faida ya 600 baada ya nauli na ada ya kutoa pesa kwa wakala, toa 150, unabaki na 450. Hapo mkopo umekufaa. Lakini ukinunulia unga, hakuna faida itakayoulipa. Jua mapema pesa ya kurudisha itatoka wapi.

Mto ukifurika je?

Aprili 2024 mafuriko yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Biashara ikasimama, lakini siku za mkopo hazisimami. Msimu wa mvua, kopa kile unachoweza kulipa hata soko likifungwa wiki nzima. Ukiona utachelewa, piga simu kwa mkopeshaji kabla ya siku ya mwisho, maana deni lisilolipwa linaweza kukupeleka CRB.

Na riba?

Kwa wengi wetu hili ni suala la dini pia. Kuitwa "ada" hakutoshi kujibu swali. Uliza ada inatozwa kwa nini na inaongezekaje ukichelewa, kisha peleka majibu hayo kwa sheikh unayemwamini.

Njia ya polepole

Weka bob 40 kwa siku, kwenye akiba ya simu au kwenye chama. Baada ya siku 50 una 2,000 zako mwenyewe, bila ya kudaiwa na mtu.

Ukiamua kukopa, hakikisha kwanza jina la mkopeshaji liko kwenye orodha ya Benki Kuu ya Kenya ya waliopewa leseni. Na akikuomba namba yako ya siri, hata akisema ametoka kwetu, kata simu.