Je, Wajua? Mhandisi wa Reli ya Kati Aliyeishia Kutafuta Maji

Ukimuuliza mkazi wa Kikuyu au Kizota, jijini Dodoma, nani aliyejenga Reli ya Kati, atakujibu: Wajerumani. Si kosa. Lakini miongoni mwa wahandisi wao alikuwamo mtu mmoja ambaye hakuwa Mjerumani kamili, wala hakuondoka utawala ulipobadilika. Aliitwa Clement Gillman.

Je, wajua alitoka wapi?
Alizaliwa Madrid, Hispania, mwaka 1882. Baba yake alikuwa Mwingereza, mama yake Mjerumani. Alisomea uhandisi Zürich, Uswisi, akaja Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905, mwaka uleule ujenzi wa reli ulipoanza Dar es Salaam. Waingereza walipoitwaa nchi, aliendelea na kazi, na mwaka 1928 akawa Mhandisi Mkuu wa Reli za Tanganyika.

Je, wajua kwamba reli iliinyanyua Dodoma na kuziacha kando Mpwapwa na Kilimatinde?
Misafara ya zamani ya kwenda bara ilipumzika Mpwapwa, na boma la Kilimatinde lilikuwa na sauti kubwa Ugogoni. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mpwapwa ikabaki kutegemea stesheni ya Gulwe, na Kilimatinde ikaitegemea Manyoni. Biashara ikahamia palipo na stesheni.

Je, wajua kwamba Dodoma nusura iwe njia panda ya reli?
Miaka ya 1920 lilikuwapo wazo la kutoa tawi Dodoma kwenda kusini-magharibi hadi Fife, karibu na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Gillman ndiye aliyesimamia upimaji wa njia za kuelekea upande huo, na ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Mwaka huohuo uchumi wa dunia ukaanza kuporomoka, na reli hiyo haikujengwa. Zambia ilikuja kuunganishwa kwa reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Nayo ilianzia Dar es Salaam, ikaiacha Dodoma mbali kaskazini.

Je, wajua kwamba wapanda Kilimanjaro hulitaja jina la Gillman mpaka leo?
Wanaopanda kwa njia ya Marangu hufika kwanza Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, takriban mita 5,685 juu ya usawa wa bahari. Pameitwa hivyo kwa sababu yake, baada ya yeye kufika ukingoni mwaka 1921. Kutoka hapo hadi Kilele cha Uhuru hubaki mita zipatazo 210 za kupanda, na wengi huishiwa pumzi papo hapo.

Je, wajua kwamba alichora ramani ya mahali watu wanapoishi?
Ramani yake ya idadi ya watu wa Tanganyika ilichapishwa mwaka 1936. Ilionyesha watu wamesongamana pembezoni mwa nchi, kwenye milima na kando ya maziwa, huku maeneo makubwa ya kati yakiwa karibu matupu. Alitaja mambo mawili makubwa: uhaba wa maji na ndorobo. Mtu wa injini za mvuke angeliona hilo mapema, maana injini isiyopata maji husimama njiani hata kama kuni zimejaa.

Je, wajua alifanya nini baada ya kuacha reli?
Mwaka 1938 alianza kazi ya mshauri wa serikali kuhusu maji, akaandika ripoti ndefu iliyokamilika 1940. Alifariki mwaka 1946. Ramani yake ya uoto wa Tanganyika ilichapishwa mwaka 1949, naye hakuiona. Shajara zake, alizoziandika kwa miaka mingi, zimehifadhiwa Oxford, Uingereza.

Je, wajua kwamba swali lake la maji bado liko mezani?
Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) huwafikisha abiria Dodoma bila injini kunywa hata tone. Jiji lenyewe, lililohesabiwa kuwa na watu 765,179 katika sensa ya 2022, hutegemea sana visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Ndiyo maana mipango ya bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, huzungumzwa Dodoma kwa uzito uleule uliokuwa ukipewa reli zamani.