Usimfungie mlevi chumbani: Kuacha pombe ghafla kwaweza kuua

HUENDA, msomaji, una ndugu, mume au jirani ambaye kila asubuhi mikono yake hutetemeka hadi anashindwa kushika kikombe cha chai. Akipata glasi moja ya chang'aa, au "akitoa loki" kama wasemavyo walevi wenyewe, mikono hutulia. Watu wengi humcheka au humkemea wakidhani kwamba hiyo ni tamaa tu. La hasha. Hiyo ni ishara kwamba mwili wake umeizoea pombe kiasi cha kushindwa kufanya kazi bila hiyo. Mtu wa namna hii ni mraibu.

Kisha siku moja jamaa zake huchoka. Hukutana na kukubaliana wamfungie chumbani kwa wiki nzima bila kileo, "mpaka sumu imtoke". Nia yao ni njema, lakini njia hiyo yaweza kumwua. Ni muhimu ujue sababu.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu anayekunywa sana kila siku, kwa miezi au miaka, ni kama gari ambalo breki zake zimekanyagwa wakati wote. Ili gari hilo lisisimame, ubongo nao huzidi kukanyaga mafuta. Pombe inapokatizwa ghafla, breki huachiliwa ilhali mafuta bado yamekanyagwa hadi mwisho. Gari huenda mbio pasipo wa kulizuia.

Tuseme mtu huyo amekunywa mara ya mwisho Ijumaa saa nne usiku. Kufikia Jumamosi asubuhi ataanza kutetemeka, kutokwa na jasho, kutapika na moyo kumwenda mbio. Usingizi nao hauji. Wengi hawaendi mbali zaidi ya hapo, na hupata nafuu baada ya siku chache. Lakini baadhi yao, kati ya Jumamosi na Jumapili usiku, huanguka kifafa hata kama hawajawahi kuugua ugonjwa huo maishani.

Kuanzia Jumapili usiku hadi Jumanne, wachache hupatwa na hali mbaya zaidi. Joto la mwili na shinikizo la damu hupanda. Mgonjwa hajui yuko wapi wala ni siku gani. Huona wadudu wakitambaa ukutani, husikia sauti zisizokuwepo na hupigana na watu wanaojaribu kumshika. Hapa ndipo jamaa husema kwamba ana majini au amerogwa, wakakimbilia kwa mganga. Waama huo si uchawi. Ni ubongo ulioachiliwa breki, na mgonjwa asipotibiwa haraka aweza kufa. Akitibiwa mapema, aghalabu hupona.

Hospitalini, daktari humpa dawa za kutuliza ubongo, kama vile diazepamu, na kipimo hupunguzwa siku baada ya siku. Hali kadhalika hupewa vitamini B1, kwa kuwa walevi wengi hawali vizuri na upungufu wake waweza kuharibu kumbukumbu na mwendo wa mtu kabisa. Usijaribu kumnunulia dawa hizo za kutuliza dukani. Zikichanganywa na pombe zaweza kumzuia kupumua.

Hatari iyo hiyo huwakabili wale waliozoea vidonge vya kulevya vya aina hiyo, ambavyo vijana wa Mombasa huviita bugizi. Nao pia waweza kuanguka kifafa wakiviacha kwa mara moja.

Je, wanaotumia heroini, yaani unga? Wao hali yao ni tofauti. Huko Pwani, maumivu ya kukosa unga huitwa arosto. Huanza saa nane hivi hadi kumi na mbili baada ya kipimo cha mwisho: miayo, makamasi, machozi, vipele vya baridi, mifupa kuuma, kutapika na kuhara. Huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua baada ya wiki moja hivi. Kati ya Desemba 2010 na Machi 2011, unga ulipoadimika Pwani, watumiaji wengi walipatwa na arosto kwa wakati mmoja, na serikali pamoja na mashirika ya misaada yakalazimika kuwahudumia kwa dharura.

Ijapokuwa arosto humtesa mtu vibaya, ni nadra kumwua mtu mzima mwenye afya, mradi apate maji ya kutosha. Mwanamke mjamzito, hata hivyo, asiache unga ghafla bila daktari, kwa maana mimba yaweza kuharibika. Hatari kubwa kwa mraibu wa unga huja baadaye. Akikaa wiki kadhaa bila kuutumia, mwili hupoteza mazoea yake. Akirudia kipimo kile cha zamani, pumzi zaweza kukatika. Ndiyo sababu wengi hufa punde tu baada ya kutoka jela, au baada ya kufungiwa na jamaa zao. Dawa ya methadoni, ambayo mraibu hunywa kila siku mbele ya mhudumu wa afya, huondoa arosto na kumpunguzia hatari hiyo. Ilianza kutolewa nchini Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika Malindi na Mombasa.

Sasa wewe ufanye nini? Kama mgonjwa wako hutetemeka asubuhi kabla hajanywa, amewahi kuanguka kifafa, au amewahi kuona mambo yasiyokuwepo alipokosa pombe, asiache akiwa nyumbani. Mpeleke hospitalini kwanza, na umweleze daktari bila kuficha hunywa nini, kiasi gani na alikunywa lini mara ya mwisho. Akianguka kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, wala usimtie kijiko au kitu chochote mdomoni. Usimmwagie maji baridi wala kumfunga kamba. Kisha mkimbize hospitalini.

Ukihitaji ushauri, shirika la serikali la kupambana na ulevi na mihadarati, NACADA, lina nambari ya simu isiyotozwa ada, 1192.

Kumbuka pia kwamba kupita siku hizo chache si kupona. Mwili ukishatulia, moyo bado hutamani, na marafiki wa baa bado wapo. Mraibu huhitaji ushauri nasaha, kazi ya kumshughulisha, na watu wa nyumbani ambao hawatamkatia tamaa akiteleza. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mazoea yaliyojengwa kwa miaka kumi hayavunjwi kwa kufuli ya siku saba.