Kuzitafuta Hesabu za Afya na Kuzionyesha Watu

Katika mijadala ya shule, na katika mabaraza ya vijijini vilevile, mtu husimama akasema kwa sauti kubwa kwamba akina mama wanaokufa katika uzazi wamezidi kuliko zamani. Mwingine husimama akasema wamepungua. Wote wawili hupigiwa makofi, kwa sababu hapana aliyekuja na hesabu. Zamani mtu aliyetaka kuijua hesabu hiyo ilimpasa afunge safari mpaka Entebbe, maana Wizara ya Afya ilikuwa huko, na akifika huenda akaambiwa kwamba mwenye faili ametoka. Siku hizi hesabu nyingi za namna hiyo zimo katika intaneti, na mwanafunzi akipata saa moja kwenye kompyuta ya maktaba aweza kuziona. Shida ni kwamba kompyuta humpa mtu hesabu ya kweli na hesabu ya kupotosha kwa uso ule ule. Kwa hiyo nimeona yafaa kueleza hesabu hizo zinatoka wapi, na jinsi ya kuziweka mbele ya watu zisiwadanganye. Mifano yangu ni ya Uganda, maana ndiyo nchi ninayoijua.

Tuanze kwa muuguzi. Katika kituo cha afya cha daraja la pili au la tatu, kila mgonjwa anayekuja huandikwa katika daftari kubwa: umri wake, kijiji chake, ugonjwa, na dawa aliyopewa. Mwisho wa mwezi mtu huketi, mara nyingi baada ya kazi ya siku nzima, akaihesabu mistari ya daftari lile na kujaza fomu iitwayo HMIS 105. Habari za fomu hiyo huingizwa katika programu iitwayo DHIS2. Asili ya programu hii ni Afrika ya Kusini, baada ya uchaguzi wa 1994, kisha ikakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, nasi Uganda mwaka 2012. Rwanda na Tanzania wanayo pia. Basi ule mstari unaopanda na kushuka katika kioo cha kompyuta huko Kampala ulianza katika vidole vya mtu mmoja aliyechoka, na huenda alikuwa akihesabu kwa mwanga wa tochi.

Ndiyo sababu swali la kwanza la kuuliza si wagonjwa walikuwa wangapi, bali ni vituo vingapi vilivyopeleka fomu. Nitatoa mfano wa kubuni. Tuseme wilaya ina vituo 40. Mwezi wa Aprili vyote vikapeleka fomu, na wagonjwa wa malaria wakawa 8,000. Mwezi wa Mei mvua ikaharibu barabara, vikapeleka vituo 30 tu, na wagonjwa wakawa 6,600. Mtu mwenye haraka atachora mstari unaoshuka, na gazeti litaandika kwamba malaria imepungua. Lakini gawanya kwanza: mwezi wa Aprili kila kituo kilipata wagonjwa 200, mwezi wa Mei wagonjwa 220. Malaria ilizidi. Kilichopungua ni karatasi.

Swali la pili ni la watu waliopo. Sensa ya 2002 ilitukuta watu milioni 24.2, ya 2014 milioni 34.6, na ya 2024 milioni 45.9. Mtu akikuambia kwamba wagonjwa wa ugonjwa fulani wameongezeka tangu 2002, usishangae bado. Hata watu wenyewe wamekaribia kuwa maradufu. Yafaa aseme ni wangapi katika kila watu elfu. Tena hesabu ya watu wa wilaya, katika miaka iliyo kati ya sensa na sensa, ni ya kukadiria tu. Ndipo huonekana maajabu ya wilaya iliyochanja watoto zaidi ya asilimia mia moja! Si uchawi. Makadirio yalikuwa madogo, au akina mama wa wilaya ya pili, ama wakimbizi, wamewaleta watoto wao. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi wao kutoka Sudani ya Kusini na Kongo, na sindano ya surua haimwulizi mtoto cheti cha uraia.

Mlango wa DHIS2 hauko wazi kwa kila mtu. Wanaoingia ni wale waliopewa neno la siri. Sisi wengine tunasoma taarifa ya kila mwaka ya Wizara ya Afya, ambayo hutolewa katika tovuti ya wizara, na tunasoma uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Huu wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Wachunguzi huchagua nyumba kwa kura katika nchi nzima, wakaenda kubisha hodi na kuwauliza wanawake maswali. Faida yake ni kubwa: humpata hata mama aliyejifungulia nyumbani, ambaye daftari la kituo halimjui kabisa. Katika uchunguzi wa 2016 waliulizwa wanawake zaidi ya 18,000.

Haya ndiyo waliyoyaona kuhusu watoto. Uchunguzi wa 2011 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 90 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2016 ulionyesha 64, na ule wa 2022 ulionyesha 52. Ukichora nguzo tatu utapata mchoro wa kupendeza sana, na kila waziri angependa kupigwa picha mbele yake. Lakini katika taarifa zile zile mna mstari mwingine, wa watoto wanaokufa kabla ya kumaliza mwezi mmoja. Mwaka 2011 walikuwa 27. Mwaka 2016 walikuwa 27. Mwaka 2022 walikuwa 22.

Weka mistari hiyo miwili katika karatasi moja uone. Mwaka 2011, katika watoto waliokufa, watatu katika kila kumi walikuwa wachanga wa mwezi mmoja. Mwaka 2016 na 2022 walikuwa zaidi ya wanne katika kumi. Maana yake ni nini? Chandarua, chanjo na dawa za malaria huwaokoa watoto waliokwisha kupita mwezi wa kwanza, na kazi hiyo imefanyika vizuri. Lakini mtoto mchanga hufa kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, kwa kuzaliwa kabla ya wakati, au kwa vidudu vya ugonjwa kuingia damuni. Na hayo yanataka mkunga aliyefundishwa, maji safi, umeme usiokatika usiku, na gari la kumpeleka mama penye chumba cha upasuaji. Kwa hiyo mchoro wa nguzo tatu unasema tuendelee vivyo hivyo, na mchoro wa mistari miwili unasema fedha ziende pia katika chumba cha kuzalia. Hesabu ni zile zile, lakini shauri linalotoka si moja. Sidhani kama kuna jambo lingine katika makala hii lenye uzito kama hili.

Sasa tuwarudie wale wasemaji wawili wa mjadala. Uchunguzi wa 2011 ulihesabu vifo 438 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Wa 2016 ulihesabu 336. Wa 2022 ulihesabu 189. Aliyesema wamepungua anaonekana ameshinda. Ila mtu akifungua kitabu cha Umoja wa Mataifa kilichotolewa mwaka 2023 atakuta kwamba Uganda mwaka 2020 ilikuwa na vifo 284. Nani mkweli? Hapana aliyesema uongo. Wachunguzi wetu huwauliza wanawake habari za dada zao, kama wako hai au wamekufa, na kama walikufa katika mimba au uzazi. Na kwa kuwa vifo hivyo, ashukuriwe Mungu, si vingi katika nyumba zilizochaguliwa, inawabidi wakusanye vifo vya miaka saba iliyotangulia ndipo wapate hesabu ya kutegemea. Hivyo 189 si ya mwaka 2022 peke yake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa nao hukadiria kwa kanuni za hesabu, wakichanganya habari zote walizonazo, na kila watoapo kitabu kipya hurudia makadirio ya miaka yote ya nyuma. Ndiyo sababu haifai kuchukua mwaka mmoja katika kitabu cha kale na mwaka wa pili katika kitabu kipya, ukaviunga kwa mstari. Wala haifai kuchukua ile 336 ya wachunguzi na kuiunga na 284 ya Umoja wa Mataifa. Mtu achague chanzo kimoja, akitaje, akae nacho mpaka mwisho.

Juu ya vyanzo hivyo, nitataja vichache ambavyo mwanafunzi aweza kuvitumia bila malipo. Shirika la Afya Duniani lina hazina ya hesabu za nchi zote. Benki ya Dunia nayo inayo, na ni rahisi kuishusha ikafunguliwa katika jedwali la kompyuta. Our World in Data, ya watu wa Oxford, huchora yenyewe na hutaja chini ya kila mchoro hesabu zimetoka wapi. Mimi huenda hapo kwanza, kisha hufuata njia mpaka kwenye chanzo chenyewe. Gapminder ilianzishwa na Hans Rosling, Mswidi, aliyekuwa daktari huko Nacala katika Msumbiji tangu 1979 mpaka 1981, na aliyefariki 2017. Mapovu yake yanayotembea juu ya kioo yamewafundisha watu wengi kuliko vitabu vinene. Kuhusu ule uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kuna habari ya huzuni. Uchunguzi wa namna hiyo ulianza mwaka 1984 kwa fedha za Marekani, ukafika nchi zaidi ya 90. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilizisimamisha fedha hizo. Hesabu ambayo haikukusanywa mwaka huu haiwezi kukusanywa mwaka ujao, kwa kuwa dada hukumbuka kifo cha dada yake, lakini mwaka wenyewe husahauliwa.

Fedha nazo zina mtego wao. Mwezi wa Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutumia asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Uganda bado haijafika hapo. Lakini ukitaka kujua imebakiza kiasi gani utapata majibu mengi, na kila jibu lina mwenyewe. Je, misaada ya nchi za nje imetiwa ndani ama imeachwa? Je, hizo ni fedha zilizosomwa bungeni mwezi wa Juni, au ni fedha zilizotumika kweli? Mwenye kutetea atachagua namna moja, na mwenye kulaumu atachagua ya pili. Anayeandika kwa uaminifu huandika chini ya jedwali lake ametumia ipi.

Kuhusu kuchora nitasema machache. Nguzo zianze katika sifuri. Chukua 438, 336 na 189. Ukianzisha nguzo katika 150, ile ya mwisho itaonekana kama sehemu moja ya saba ya ile ya kwanza, hali kwa kweli ni asilimia 43 yake. Duara lililokatwa vipande kumi na viwili, kila kimoja rangi yake, halisomeki, afadhali jedwali. Ramani nazo ni nzuri, na tangu daktari John Snow alipoweka alama za vifo vya kipindupindu katika ramani ya mtaa wa London mwaka 1854, watu wameziamini. Ila ramani ya wilaya zilizopakwa rangi huikuza Karamoja, yenye ardhi kubwa na watu wachache, na huifanya Kampala kuwa kitone, nayo ina watu zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa idadi ya wagonjwa, tumia miduara mikubwa na midogo juu ya ramani.

Tena ikiwa mchoro utabandikwa ukutani mwa zahanati au kanisa, uandikwe kwa lugha ya watu wa hapo. Nimeona kwamba mzee asiyesoma asilimia huelewa mara moja akionyeshwa vichwa kumi vya watoto, vinne vimetiwa weusi.

Neno la mwisho nawaelekezea hasa ndugu zetu waliotutangulia kutoka shuleni, ambao baadhi yao ni walimu, makarani na madiwani. Hesabu nyingine hazimo katika intaneti hata utafute mpaka usiku, kama vile siku ambazo kituo fulani kilikaa bila dawa ya malaria, au akina mama wangapi walipelekwa hospitali kuu. Hizo zimo katika makabati. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inampa kila raia wa Uganda haki ya kuziomba, na ofisi hupewa siku 21 za kujibu. Barua iwe fupi na itaje kituo, mwezi, mwaka na jina la fomu. Anayeomba "habari zote za afya" atapewa kitabu cha kurasa mia tatu, au hatapewa kitu.