Neno Kaya na Ndugu Zake

Haya, watoto, sogeeni. Leo nina neno moja la herufi nne tu: kaya. Hapa Kilifi na Malindi hakuna asiyelijua. Lakini neno hili husikika pia katika nchi za mbali, na huko lina ndugu wa damu, na lina wengine waliofanana nalo kwa bahati tu. Tuwatambue mmoja mmoja.

Tuanze kwetu. Kwa Wamijikenda, kaya ni mji wa kale uliojengwa katikati ya msitu mnene. Kuanzia karne ya 16 wazee wetu walijikinga humo na maadui. Njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, yenye malango, na ndani yake kulizikwa fingo, kinga ya mji mzima. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wameshahamia mashambani, lakini msitu haukuachwa ukiwa. Wazee wa kaya bado huenda kuomba mvua na kuzungumza mambo mazito. Huko hukati mti, wala huokoti hata ukuni mkavu. Kwa miiko hiyo misitu imedumu hadi leo, na mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi yake katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwaka 1913, Waingereza walipotaka kodi na vijana wa kwenda kuwafanyia kazi, mama mmoja aitwaye Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama, mmojawapo wa ukoo wa Wamijikenda, huko Kaya Fungo, wakala kiapo cha kukataa. Alikamatwa, akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka, akarudi kwao. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua kaya hiyo kwa baruti. Walijua kwamba kwa Mgiriama kaya si nyumba na miti tu.

Sasa vukeni mpaka. Tanzania, karani wa sensa akibisha hodi, humuulizia mkuu wa kaya. Hatafuti msitu. Kaya kwake ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, hata wakiwa wawili. Wasukuma na Wagogo nao wanalo neno kaya, na kwao ni nyumbani, pale boma la familia liliposimama. Shukeni hadi Afrika Kusini: Mzulu na Mxhosa husema ikhaya, yaani nyumbani. Karibu na Cape Town kuna mtaa mkubwa uitwao Khayelitsha, maana yake makao mapya.

Msitu, familia, nyumbani: maana zimeachana kidogo, lakini zote zinataja mahali pa watu wako. Hawa ni ndugu.

Wengine je? Malaysia, kaya ni tajiri. Tena huko kaya ni jina la kitu kitamu cha kupaka kwenye mkate, kilichopikwa kwa mayai, sukari na tui la nazi. Mtoto wa Malindi angekipenda! Uturuki, kaya ni jabali. Japani, kaya ni chandarua cha kuzuia mbu. Na huko huko Japani kuna kaya nyingine, nyasi za kuezekea nyumba. Nyumba za kaya zetu nazo ziliezekwa kwa nyasi, kwa hiyo mtu angeweza kudhani maneno haya yana asili moja. Hayana.

Tunajuaje? Neno moja halitoshi kuwa shahidi. Ukitaka kujua kama watu wawili ni ndugu hutazami pua peke yake; unatazama na macho, na mwendo, na sauti. Basi tuulize maneno mengine ya kila siku. Mvua: Mgiriama husema mvula, Mzulu husema imvula. Maji: Mgiriama husema madzi, Mzulu husema amanzi. Sasa muulize Mjapani: mvua kwake ni ame, maji ni mizu. Mturuki akitaka maji huomba su. Mmalay huyaita air, nayo mvua ni hujan. Ukoo unajitokeza wazi.

Tena ndugu hutofautiana kwa utaratibu. Mswahili akisema maji, Mgiriama husema madzi. Mswahili akisema mji, Mgiriama husema mudzi. Ji ya huku ni dzi ya kule. Mswahili husema mvua na Mungu, Mgiriama husema mvula na Mulungu, kwa sababu Kiswahili kimeidondosha ile l. Hata jina Mijikenda ni miji kenda, na kenda ni tisa kwa Kiswahili cha zamani. Neno tisa limetoka kwa Waarabu. Mgiriama yeye husema Midzichenda.

Lugha hizi ndugu huitwa za Kibantu. Wasemaji wake walianza kutawanyika kutoka pande za Kameruni na Nijeria maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya yeyote wao kujua kuandika. Safari yao tunaisoma katika maneno waliyotuachia.

Kwa hiyo msione haya kusema Kigiriama, Kichonyi au Kikauma. Mkirudi kwenu leo, muulizeni bibi au babu maneno matano: maji, mvua, mti, mtu na nyumbani. Yaandikeni daftarini, kesho mlinganishe na ya wenzenu darasani. Sauti zinapopishana kwa utaratibu uleule, mmeushika uzi wa ukoo. Lugha ya bibi ikinyamaza, uzi huo unakatika, na hakuna kitabu kitakachouunga wote.