Kipande, Namba na Siri ya Mtungi

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Je, serikali nayo yataka kuwa kata?

Mwaka 2019 nilikuwa darasa la nne hapa Port Reitz, nikamsindikiza nyanya kupiga foleni ya Huduma Namba. Jua kali, watu wamejibanza chini ya mwarobaini. Zamu yake ilipofika akaulizwa wazazi, watoto, kazi, hata kama ana shamba au mifugo. Akajibu yote, kisha naye akauliza, "Mwanangu, na haya yote mwaenda kuyaweka wapi?" Karani akacheka tu. "Mama, weka kidole hapo." Akaweka.

Swali lile ni la zamani kumshinda nyanya mwenyewe. Mwaka 1915 wakoloni walipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 (umri wangu huu!) alipaswa kubeba kipande chenye alama za vidole, kabila, jina la mwajiri na mshahara. Kiliwekwa ndani ya kijikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Aliyetoroka kazi alinaswa kwa karatasi hiyo hiyo. Wazungu wao hawakuvaa kebe. Harry Thuku alipinga mambo hayo, akakamatwa Machi 1922. Watu walipokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, akafa Mary Muthoni Nyanjiru na wengine wengi.

Sasa turudi kwenye Huduma Namba. Sheria iliyobadilishwa mwaka 2018 iliruhusu kuchukuliwa hata vinasaba, ile DNA, na kupima kwa setilaiti mahali hasa nyumba yako ilipo. Utasema, kwani kuna ubaya gani kama sina hatia? Fikiri kidogo. Kitambulisho kikipotea wapewa kingine, lakini damu haibadilishwi. Tena DNA si yako peke yako, ni ya mamako, nduguzo, na watoto ambao hujazaa bado.

Nubian Rights Forum, shirika la Wanubi, lilikwenda kortini pamoja na watetezi wengine wa haki. Wanubi kwa miaka wamesumbuliwa wakitafuta vitambulisho, wakaogopa kwamba asiye na karatasi ataachwa nje kabisa. (Sisi watu wa Pwani twaelewa.) Silaha yao ilikuwa Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, kinachosema mambo ya familia na ya faragha ya mtu yasidaiwe bila ya lazima. Hilo "bila ya lazima" ndilo lenye uzito. Serikali yaweza kuuliza, ila ioneshe haja.

Tarehe 1 Aprili 2019 Mahakama Kuu ikasema kwa muda: hakuna DNA, hakuna kupima nyumba, na hakuna kulazimishwa. Lakini mitaani watu bado waliambiwa atakayekosa atanyimwa huduma! Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakafuta kabisa DNA na vipimo vya nyumba. Alama za vidole waliziacha, mradi kuwe na kanuni kamili za kuzilinda. Tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akaamua kwamba kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari kwa habari za watu, jinsi inavyotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka 2023 ikaja Maisha Namba, nayo ikapelekwa kortini vile vile.

Sheria hiyo ya 2019 yakupa haki ya kuambiwa habari zako zatumiwa kwa kazi gani, na ya kuziona. Kwa hivyo swali la nyanya halikuwa la kuchekwa. Nilipomsomea makala haya akanyamaza, kisha akanituma dukani karatasi na bahasha. Barua nitaiandika mimi, yeye ataweka kidole.