Nyumba Kuukuu ya Maine: Uliza Galoni Kabla ya Bei

Portland na Lewiston, katika jimbo la Maine, wapo ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na sasa baadhi yao wanatafuta nyumba za kununua. Zile wanazozimudu mara nyingi ni za mbao, za zamani, na chini kabisa kuna boila ya mafuta. Bei ya nyumba utaambiwa na dalali. Gharama ya kuipasha joto hutaambiwa usipouliza.

Mwombe muuzaji stakabadhi za mafuta za misimu miwili ya baridi. Hesabu galoni, si dola, maana bei hupanda na kushuka. Uliza pia kama alikuwa akichoma kuni, au kama nyumba ilikaa tupu. Stakabadhi chache zinaweza kukupoteza.

Sasa linganisha. Joto la galoni moja ya mafuta, kwa boila yenye ufanisi wa asilimia 80, ni sawa na galoni 1.35 hivi za propeni kwenye boila nzuri. Kwa hita za umeme za ukutani ni takriban uniti 32. Kwa pampu ya joto ni uniti 13 tu, kwa sababu pampu huvuta joto lililomo katika hewa ya nje na kuliingiza ndani. Bomba la gesi, likiwa linapita mtaani, litazame. Sehemu kubwa ya Maine halifiki.

Tuseme nyumba inatumia galoni 800 kwa mwaka, mafuta ni dola 3.50 na umeme senti 25 kwa uniti. Mafuta yatakula dola 2,800. Pampu, 2,600. Hita za ukutani, zaidi ya 6,000! Nyumba yenye hita hizo pekee ningeiogopa hata ikiuzwa rahisi.

Lakini tazama tofauti ya mafuta na pampu: dola 200, na kuifunga pampu ni maelfu. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, linakadiria kuwa kuziba nyufa na kuongeza vizuia-joto darini na sakafuni huokoa wastani wa asilimia 15 ya gharama za kupasha joto na kupoza nyumba. Kwa nyumba yetu hiyo ni dola 420 kila mwaka, hata boila ikibaki ileile. Kwa hiyo ningeanza darini, kisha pampu, na boila ningeiacha kwa siku za baridi kali.

Mabomba ya zamani yakiwa yamefungwa kitu cheupe kama plasta, usikiguse. Huenda ni asbesto. Tanki la mafuta likiwa limefukiwa ardhini, jihadhari zaidi: likivuja, kusafisha udongo kunaweza kukugharimu zaidi kuliko boila mpya.

Usikubali kuondoa sharti la ukaguzi katika ofa yako, na mkaguzi asiondoke kabla hajapanda darini na kukusomea umri wa boila na tanki.