Baridi haiko ya kukufungia nyumbani

Ndugu musomaji, weye mwenye kuzoea jua la Katanga, ungefanya nini kule Kiruna, muji wa mgodi wa chuma katika Uswidi? Mwezi wa 12 jua halitokei kabisa karibu majuma matatu, na baridi inaweza kufika digri 30 chini ya zero. Mugeni anajifungia ndani, kisha huzuni inamushika. Wenyeji, wao, wanatoka. Hata mutoto muchanga wanamulalisha inje ndani ya kigari, siku baridi haiko kali sana!

Usivae pamba karibu na ngozi, juu inashika jasho, na jasho linageuka baridi. Vaa sufu, kisha koti la kuzuia upepo. Viatu visikubane. Toka saa sita ya muchana, wakati mwangaza wa buluu unaonekana kidogo. Washa moto penye theluji, chemsha kahawa. Mwezi wa 3 jua liko, theluji ingali, na mugeni ndiye wa kwanza mulangoni.